Uzoefu wangu wa kufundishia kwa data wazi za mawimbi ya uvutano

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasimamia wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotaka kuonja utafiti wa astrofizikia kabla ya kuamua kama wataendelea nao, na katika yote niliyojaribu kuwafungulia mlango huo, hakuna kilichonifaa kuliko kituo cha data wazi za mawimbi ya uvutano (mitikisiko midogo ya anga-wakati itokanayo na migongano ya magimba mazito angani) kinachopatikana kwenye gwosc.org. Kituo hicho humpa yeyote, bila malipo, data zilizorekodiwa na vigunduzi vya LIGO vilivyoko Hanford na Livingston nchini Marekani, pamoja na kile cha Virgo nchini Italia, zikiambatana na masomo ya hatua kwa hatua na programu za kuzichakata. Maoni yangu ni kwamba kinafaa sana, ila kwa sharti moja: mwalimu aanze na data, makala ya utafiti yaje baadaye.

Wengi wetu hufanya kinyume chake. Tunamkabidhi mwanafunzi makala mapya, tunamwambia ayasome na kuyaeleza darasani, naye anarudi na muhtasari ule ule wa waandishi uliobadilishwa maneno machache. Simlaumu. Makala ya ugunduzi wa GW150914, wimbi la kwanza la uvutano kunaswa, lililotokana na muungano wa mashimo meusi mawili, yaliyotoka Februari 2016, yana waandishi wapatao elfu moja, na kijana wa mwaka wa pili hana ujasiri wa kuuliza swali mbele ya jeshi la namna hiyo. Hukubali kila kilichoandikwa, na kukubali tu si utafiti.

Kwa hiyo mimi huwapa kwanza faili ya sekunde 32 ya tukio hilo, yenye vipimo 4096 kwa kila sekunde. Wanaichora, na wote hushangaa kwa sababu hawaoni wimbi lolote. Wanachokiona ni mistari inayopanda na kushuka polepole, kwa kuwa kelele za masafa ya chini zina nguvu kupita kiasi. Hatua inayofuata ni kuchora nguvu ya kelele kwa kila masafa, na hapo ndipo maswali huanza. Huwa hakosekani mwenye kuuona mchomozo mkali kwenye hezi 60 na kudhani kwamba amekamata mashimo meusi, mpaka akumbushwe kwamba hayo ndiyo masafa ya umeme wa kawaida nchini Marekani. Michomozo mingine iliyo karibu na hezi 500 hutokana na mitetemo ya nyuzi zinazoning'iniza vioo vya kigunduzi. Katika nusu saa hiyo mwanafunzi hujifunza kuhusu vifaa vya upimaji kuliko atakavyojifunza katika mihadhara mingi.

Wakishasawazisha kelele, yaani kuzipa masafa yote nguvu sawa, na kubakiza masafa ya kati ya hezi 35 na 350, wimbi hujitokeza: linadumu takriban sekunde 0.2, likianzia karibu na hezi 35 na kupanda hadi 250. Kisha huwaomba walinganishe vigunduzi viwili. Wimbi lilifika Livingston kwanza na Hanford milisekunde 7 baadaye, muda ambao ni mfupi kuliko milisekunde 10 ambazo mwanga huhitaji kusafiri kati ya vituo hivyo, kwa hiyo hakuna kanuni ya fizikia iliyovunjwa. Data za Hanford zikisogezwa kwa muda huo na kugeuzwa juu chini, kwa sababu ya jinsi vigunduzi vilivyoelekezwa, mistari miwili hulaliana. Hakuna maelezo yangu yanayoweza kuchukua nafasi ya kuiona ikilaliana kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Hapo ndipo ninapowapa makala, nao huyasoma kama watu wenye shauri lao. Husimama kwenye sentensi ambazo zamani wangeziruka, hasa ile inayodai kwamba kelele peke yake ingetoa ishara yenye nguvu kiasi hicho chini ya mara moja katika miaka 203,000, ilhali uchambuzi ulitumia data za siku 16 tu. Swali la jinsi siku 16 zilivyozaa maelfu ya miaka ni swali zuri kweli kweli, na jibu lake wanaliweza: data za kigunduzi kimoja husogezwa kwa muda unaozidi zile milisekunde 10, hivyo mfanano wowote utakaoonekana hauwezi kuwa wimbi la kweli, na zoezi hilo hurudiwa mara nyingi mno, kila mara likitoa siku nyingine za kelele tupu.

Nina mambo mawili ya kuwatahadharisha wanaotaka kukitumia kituo hiki. Masomo yake yanachukulia kwamba msomaji anaifahamu Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na asiyeijua ataishia kubonyeza vitufe bila kuelewa kinachoendelea. Afadhali apewe wiki chache za msingi kwanza. Halafu, sehemu ya kutafuta wimbi kwa kulinganisha data na maumbo yaliyotabiriwa na nadharia hutegemea programu zilizokwisha kuandaliwa, ambapo mstari mmoja hufanya kazi nzito yote. Mimi huwaagiza waandike wenyewe toleo dogo la hesabu hiyo, hata kama ni la polepole. Sehemu ya kukadiria tungamo na umbali kwa takwimu za Bayes huwa naiacha kabisa kwa wanaoanza.

Mwenye mapenzi na sayari za mbali au mpangilio wa nyota hatapata haja yake hapa. Data za darubini za angani za TESS (ya kutafuta sayari) na Gaia (ya kupima mahali pa nyota), ambazo nazo ni wazi, zitamfaa zaidi.

Uchaguzi wa matukio ya kufuatia nao una uzito. GWTC-3, mojawapo ya orodha za mawimbi yaliyogunduliwa, ina matukio 90, na si yote yanayomfaa anayeanza. Baada ya GW150914 mimi hupendelea GW170817, mgongano wa nyota mbili za nyutroni uliorekodiwa tarehe 17 Agosti 2017, kwa sababu data za Livingston zina mshtuko wa kelele uliotokea sekunde moja hivi kabla ya muungano, na mwanafunzi hulazimika kuamua la kufanya na data iliyochafuka. La tatu huwa GW151226, muungano mwingine wa mashimo meusi. Wimbi lake halionekani kwa macho hata baada ya kuchuja, na ile hesabu ndogo waliyoiandika wenyewe ndiyo pekee inayoweza kulitoa.