"Ni dawa ile ile": inhela mpya iliyoninyang'anya sauti

Nimesita sana kuandika hii ila jana usiku misuli ya mguu imenikaza tena, nimeamka nimeushika mguu kwa mikono miwili nikasema basi, naandika. Ni kuhusu inhela ya unga niliyobadilishiwa, na zaidi ni kuhusu yule mtu wa dirisha la dawa aliyenikabidhi.

Nina pumu toka mdogo. Ile inhela ya kupuliza, ya gesi, nimeitumia miaka na miaka mpaka mkono unajua wenyewe: natikisa, natoa pumzi, nabonyeza huku navuta polepole, nabana pumzi nahesabu kumi. Mbili asubuhi mbili jioni. Sasa kipindi fulani kifua kikaanza kuniamsha usiku na ile ya bluu ya dharura nikawa naimaliza haraka mno, daktari akaona ile ya kuzuia peke yake haitoshi tena, akaniandikia nyingine. Daktari simlaumu, alinisikiliza vizuri, akaniambia ukienda kuchukua dawa utaelekezwa namna ya kutumia.

Utaelekezwa! Nafika dirishani napewa boksi nisilolijua, nafungua nakuta kidude cha kuzungusha kwa chini, hakina hata pa kubonyeza. Nikamuuliza yule kaka, samahani, hii inatumikaje? Hata macho hakuinua. "Mama, ni dawa ile ile, umebadilishiwa kopo tu." Nikamwambia lakini mbona haina pa kubonyeza. Akajibu, "Karatasi imo ndani, si unajua kusoma?" akaita anayefuata.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto wadogo kusoma, ndiyo kazi yangu ya kila siku, halafu nasimama mbele ya foleni nzima naulizwa kama najua kusoma. Niliondoka na aibu ambayo hata haikuwa yangu.

Karatasi nilifungua nyumbani, inakunjuka na kukunjuka, maandishi yake hata kwa miwani ni shida, nikafika kwenye madhara yanayoweza kutokea nikaogopa nikaikunja. Mtu wa dawa kashasema ni ile ile. Kama ni ile ile basi navuta vile vile, polepole kama nilivyozoea. Kosa langu lilianzia hapo na sikulijua.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza, unavuta husikii chochote. Ile ya zamani unasikia ubaridi kooni, unasikia ladha, unajua kitu kimeingia. Hii kimya. Nikadhani haitoki, nikawa naitikisa, nasikia kitu kinachezacheza ndani nasema aah dawa imo, nazungusha tena navuta tena. Siku nyingine napuliza kidogo kwenye tundu nikidhani pameziba. Yaani nilifanya kila kisichotakiwa, na hakuna aliyeniambia.

Siku chache mbele mikono ikaanza kutetemeka. Nashika chaki naandika ubaoni herufi zinayumba. Usiku nalala moyo unanidunda mpaka nausikia kwenye mto. Halafu kifua chenyewe bado kinabana, kwa hiyo nachukua ya bluu, na ya bluu nayo inaongeza mtetemeko na mapigo, nabaki nimekaa kitandani sijui kama nazidiwa na pumu au nazidiwa na dawa.

Kisha sauti. Ilianza kukwaruza kama mtu mwenye mafua, nikasema itapita. Haikupita. Kuna siku nawasomea watoto hadithi, nimefika katikati sauti ikakatika kabisa, mdomo unafunguka hakitoki kitu. Mtoto mmoja wa mbele kabisa akaniuliza, "Mwalimu, unalia?" Sikuwa nalia. Ila nilipotoka nje ya darasa nililia kweli.

Siku hiyohiyo jioni nikajiangalia kinywa kwenye kioo, ulimi na mashavu kwa ndani vina utando mweupe, ukiugusa pana wekundu panauma. Nikaitupa ile inhela kwenye droo. Nikasema hii dawa ni sumu, sitaki kuiona, na kama ningeandika siku ile ningewaambia wote wenye pumu wakimbie. Siku mbili sikuigusa, natumia ya bluu tu. Usiku wa tatu nikabanwa kifua vibaya sana, vile ambavyo huwezi kumaliza sentensi moja bila kutafuta hewa, nikapelekwa nikawekewa mashine ya mvuke. Mnaosoma hii msifanye nilichofanya. Ukiona dawa inakusumbua rudi kwa waliokuandikia, usijiachishe mwenyewe, maana ya bluu inafungua njia kwa muda tu, haitibu ule uvimbe ulioko ndani.

Ndipo nikakutana na yule dada nesi. Alisikiliza malalamiko yangu yote, nami nilikuwa nafoka kwa ile sauti ya kukwaruza, alafu akasema kwa upole, "Mwalimu, hebu nionyeshe unavyovuta." Toka nimeanza hii dawa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikavuta. Akatikisa kichwa, akavuta kiti akakaa mbele yangu.

Kumbe! Ile ya gesi inajisukuma yenyewe ndiyo maana unavuta taratibu. Ya unga haina kinachoisukuma, pumzi yako ndiyo injini. Inabidi uvute kwa nguvu na kwa kina toka mwanzo, kama unanyonya kitu kizito kwa mrija, la sivyo unga hausambai vizuri, mwingi unaishia mdomoni na kooni, kifuani unafika kidogo. Kwa hiyo steroidi yangu, ile dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, ilikuwa inakaa kooni siku nzima, ndiyo sauti ikakauka, ndiyo fangasi wakapata makao, huku mapafu hayapati kitu. Ile sauti niliyokuwa naisikia nikitikisa wala si dawa, ni kile kinachozuia unyevu. Kupuliza ndani ndo kabisa, pumzi ina unyevu, unaulowesha unga. Na kuvuta mara mbilimbili kwa kuwa sikusikia ladha kulinizidishia tu matatizo.

Tena si dawa ile ile! Ya zamani ilikuwa na steroidi peke yake. Hii ndani ina dawa mbili, steroidi na formoteroli ya kupanua njia za hewa, na hiyo ya pili inajulikana kwa kutetemesha mikono, kukimbiza moyo na kukaza misuli, hasa mwanzoni kabla mwili haujazoea. Nikawa naiongezea ya bluu juu yake, dawa za ukoo mmoja. Kama yule kaka angesema sentensi moja tu, mama hii ina dawa mbili unaweza kutetemeka siku za mwanzo usiogope, ningelala.

Nesi akaniambia pia kila nikivuta nisukutue kwa maji niteme, nisimeze. Jambo dogo hivyo. Nikapewa matone ya nistatini, dawa ya fangasi, yale ya manjano, unayazungusha mdomoni kwanza ndiyo unameza, utando ukaisha. Mtetemeko ukapungua taratibu, moyo ukatulia. Sasa nazungusha mara moja, nageuza uso pembeni natoa pumzi, nabana midomo vizuri, navuta kwa nguvu, nabana pumzi, nasukutua.

Na lazima niseme ukweli hata kama unaniuma kwa jinsi nilivyokuwa na hasira nayo: kifua changu hakijawahi kuwa hivi miaka mingi. Napanda ngazi naongea. Usiku nalala moja kwa moja. Ya bluu inapita siku nyingi sijaigusa. Kwa hiyo nilichosema mwanzo kuwa ni sumu nakifuta, ni dawa nzuri, tena nzuri sana.

Ila misuli bado inanikaza usiku mara mojamoja, na sauti haijarudi yote. Nikiongea muda mrefu inakwaruza, na kwa mwalimu hilo si jambo dogo. Daktari kasema tukiona haiishi tutajadili kupunguza dozi au kurudi kwenye ya kupuliza, safari hii na spesa, lile kopo la plastiki linalopunguza dawa kubaki kooni. Sijui nitaamua nini. Kuna asubuhi nasema siiachi kwa lolote, kuna jioni nimetoka darasani koo linawaka nasema heri ya zamani.

Kwa yule kaka wa dirishani sijabadili mawazo. Nimejaribu kumsamehe, najua foleni ilikuwa ndefu, najua pengine naye kachoka. Lakini kaka, dakika mbili. Dakika mbili za kunishikia kile kidude ukaniambia vuta kwa nguvu mama, halafu sukutua. Ungeniambia hivyo nisingeitupa dawa kwenye droo, nisingefika kwenye mashine.

Kihesabu cha inhela kinaonyesha zimebaki chache, wiki ijayo narudi pale pale kuchukua nyingine. Nitamuomba anionyeshe inavyotumika. Najua sasa, lakini nitamuomba, na nitasimama hapo dirishani mpaka anionyeshe, ili wa nyuma yangu kwenye foleni naye aone.