Uzoefu wangu: miezi minne bila sindano ya oktreotaidi

Nina akromegali, ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini. Uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ulitolewa, kukabaki kipande, ndiyo maana nachomwa oktreotaidi, dawa ya kuizuia homoni hiyo, miligramu 20 takoni kila siku 28. Mwaka jana nilikatiza miezi minne: dawa iliadimika mjini, ilipopatikana nikawa sina pesa. Namwandikia mwenzangu anayetaka kuiacha kwa sababu inamnenepesha.

Kunenepa ni kweli. Homoni ya ukuaji huyeyusha mafuta. Ikizuiwa, mafuta hurudi, hasa tumboni. Mimi tumbo lile lilinitoa machozi.

Mwezi wa kwanza sikuona tofauti, maana dawa hii huisha mwilini polepole. Mwezi wa tatu nikapanda mizani ya jimu pale Tudor, hapa Mombasa, ile ya kukanyaga miguu mitupu: mafuta yamepungua kilo tatu, misuli imeongezeka kilo nne. Mwalimu akaniambia, "Mashallah dada, endelea vivyo hivyo." Nikarudi nyumbani na furaha yangu.

Wiki hiyohiyo pete ya ndoa ikakwama. Mume wangu aliniketisha kwenye karo, akapaka sabuni ya kipande, akaizungusha kidogo kidogo mpaka ikatoka na ngozi ya kifundo. Viatu vya Idi havikuingia. Jasho likanirudia, buibui linalowa saa mbili asubuhi. Hapo ndipo nilipoelewa: mizani ile hupitisha umeme hafifu mwilini, na maji huyahesabu pamoja na nyama. Homoni ikizidi, figo hushikilia chumvi na maji. Sehemu kubwa ya "misuli" yangu ilikuwa maji. Na sukari kabla ya kula, iliyokuwa 5.6, ikafika 7.4, kwani homoni hiyo huipinga insulini. Kipimo cha IGF-1, kile cha damu kinachoonyesha homoni ya ukuaji imezidi au la, nacho kikapita kiwango cha umri wangu.

Nimerudi kwenye dawa, hii ni sindano ya tano. Kwa joto letu, ibebe kwenye kikasha cha baridi, barafu isiiguse. Mimi naifunga leso kabla ya kupanga foleni ya feri. Inataka nyuzi 2 hadi 8. Kisha mwambie nesi aitoe nje ya friji nusu saa kabla ya kuichanganya. Siku moja aliharakisha, dawa ikaziba sindano, na dozi nzima ikapotea. Niliumia mno.

Tumbo limerudi, naenda nalo ufukweni Mama Ngina kutembea kila jioni. Sukari imeshuka, 5.8. Pete naivaa, na inazunguka kidoleni.