Uzoefu Wangu: Ganzi ya Mgongo, Nusukaputi na Mtaalamu Anayeketi Upande wa Kichwa

Nimefanyiwa upasuaji mara mbili, mara ya kwanza kwa ganzi ya mgongo nilipojifungua mwanangu, na mara ya pili kwa nusukaputi nilipoondolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Hospitali zilikuwa mbili tofauti na sitazitaja, kwa kuwa ninachotaka kukieleza ni huduma ambayo wagonjwa wengi hatuifikirii mpaka tumeshalazwa kitandani, yaani kazi ya mtaalamu wa usingizi.

Ganzi ya mgongo ilinishangaza kwa wepesi wake. Niliketishwa ukingoni mwa kitanda, nikaambiwa nikunje mgongo na kukumbatia mto, nikahisi mchomo mmoja, kisha joto likashuka taratibu kutoka kiunoni hadi kwenye nyayo, na baada ya dakika chache sikuweza kuinua hata kidole cha mguu. Nilikuwa macho muda wote. Nilihisi kuvutwa na kusukumwa tumboni bila maumivu yoyote, kama mtu anayetafuta kitu chini kabisa ya mkoba, kisha nikasikia kilio cha mwanangu papo hapo alipotoka, furaha ambayo nisingeipata kama ningekuwa nimelala.

Siku ya pili kichwa kilianza kuniuma vibaya kila nilipoketi, na maumivu yalitulia mara tu nilipolala chali, hata nikawa namnyonyesha mtoto nikiwa nimelala ubavu huku nikilia. Muuguzi wa zamu ya usiku alinipima presha, akaikuta ya kawaida, ndipo akanieleza kuwa sindano ile hutoboa utando unaozunguka uti wa mgongo, na maji yaliyomo yakiendelea kuvuja kupitia tundu hilo, mtu huumwa kichwa anapoinuka. Nilipewa dawa za maumivu, nikaambiwa ninywe maji mengi na kahawa, na siku ya sita nikapona. Baadaye nilisoma kwamba August Bier, daktari wa Ujerumani aliyeanzisha ganzi hiyo mwaka 1898, aliijaribu mwilini mwake mwenyewe na akaumwa kichwa vivyo hivyo kwa siku kadhaa. Jambo linalojulikana tangu wakati huo lingeweza kuelezwa kwangu kwa dakika mbili kabla ya sindano, na kunyamaziwa huko ndiko ninakokulaumu, kwa sababu mkono wa mtaalamu yule ulikuwa mzuri.

Nusukaputi niliiogopa zaidi, maana mama yangu amelielewa neno hilo siku zote kuwa ni nusu ya kifo. Safari hii, hata hivyo, daktari wa usingizi alikuja wodini jioni iliyotangulia, akaketi, akaniuliza kuhusu pumu, presha, dawa za kienyeji, na kama kuna ndugu aliyewahi kudhurika kwa dawa ya usingizi, kisha akanifungua kinywa kutazama meno na koo. Aliniagiza nisile chochote kwa saa sita kabla ya upasuaji, na maji matupu nisiyanywe ndani ya saa mbili za mwisho. Nilipomuuliza sababu, alisema kuwa dawa hulaza pia uwezo wa kukohoa na kumeza, hivyo chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni na kuua. Asubuhi yake mgonjwa mwenzangu aliahirishiwa upasuaji kwa kuwa dada yake alimhurumia akampa chai ya maziwa. Walikasirika wote wawili, nami niliwaonea huruma, lakini daktari alifanya haki.

Vidole vyangu vilikuwa vimepakwa piko kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, na kile kifaa cha kidoleni hupima oksijeni kwa mwanga unaopita kwenye kucha. Daktari hakunikemea, bali alikibana kwenye ndewe ya sikio. Kisha dawa nyeupe kama maziwa iliingia mshipani, ikachoma kidogo, na sikumbuki kama nilifika nne katika kuhesabu.

Nilizinduka nikitetemeka kwa baridi, koo likikwaruza kwa sababu ya mpira wa kupumulia, na kichefuchefu kilichotulia baada ya sindano moja. Kitanda cha pili alikuwako bibi mmoja aliyezinduka akiwashukuru wauguzi kwa kuja harusini na kuwahimiza walete mito, wageni wasikae chini. Muuguzi alimwitikia, "Inakuja, bibi," akamfunika shuka, na wote mle ndani tulitabasamu naye. Namna alivyotunziwa heshima yake akiwa hajui asemalo ilinigusa kuliko jambo lolote nililoliona hospitalini.

Kabla sijaruhusiwa, daktari yule alirudi na karatasi iliyoandikwa dawa alizonipa, kiasi chake na jinsi mwili wangu ulivyozipokea, ili nimwonyeshe mtaalamu mwingine siku nitakapohitaji tena. Nimeihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ya mwanangu.