Vichuma vya kuzuia mlango

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: hii kozi ya skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito) ya jimu hii usiilipie. Nimetoa nyota mbili: moja ya raki (ile fremu ya chuma ya kuwekea uzito) na feni, ya pili nitaieleza. Wengine watawaeleza kuhusu vioo, maegesho na bafu la maji ya moto. Hayo yapo kwenye bango lao, nendeni mkasome. Mimi nina sentensi moja niliyoambiwa mbele za watu, nayo imeniharibia hata hiyo feni.

Kozi yenyewe waliitangaza hivi: kurekebisha fomu, yaani namna mwili unavyokaa na kwenda, na kujenga nguvu kwa uzito mdogo. Uzito mdogo. Maneno yao, siyo yangu. Ndicho nilicholipia, laki na ishirini kwa wiki nne. Sasa wiki ya pili, au mwanzoni mwa ya tatu, niko kwenye raki jioni na mtaimbo mtupu wa kilo 20 (wenyewe huuita baa, lakini Dar ukisema unakwenda baa watu wanaelewa kingine). Nashuka kwa sekunde nne, nakaa chini sekunde mbili, napanda kwa moja. Nimeurudisha kwenye ndoano, napumua kabla ya seti ya tatu. Kocha wa jioni akaja na sahani mbili za uzito, za kilo 10 kila moja, akazichomeka huku na huku bila kuuliza, akasema kwa sauti ya kuushinda muziki: "Dada, vichuma hivyo ni vya kuzuia mlango."

Watu wakacheka. Sawa, mimi pia nacheka mtu akichekesha. Ila hebu tupige hesabu ya kile alichokifanya yule bwana.

Kutoka 20 kwenda 40 ni mara mbili. Halafu pini za usalama za ile raki, vile vyuma vya kudaka mtaimbo, zilikuwa zimeshushwa mpaka usawa wa ugoko, maana yake ukikwama chini, mtaimbo unakufuata hadi sakafuni. Pini hukaa sentimita mbili au tatu chini ya pale mtaimbo unapofika ukiwa umechuchumaa kabisa. Unashuka mara moja bila uzito, unaangalia, unaziweka. Ni kazi ya nusu dakika. Anayeongeza uzito bila kutazama pini ana bahati tu kwamba hakuna aliyemwangukia bado.

Na kilo 20 zile hazikuwa za mchezo. Rudio moja la sekunde saba ukilifanya mara nane ni karibu dakika nzima mapaja hayajapumzika. Ule mkao wa sekunde mbili chini una sababu: ukishuka haraka na kupanda papo hapo, misuli na kano zinajivuta kama mpira na kukurushia sehemu ya nguvu bure. Ukikaa, mpira unalegea. Inabidi uinuke kwa nguvu yako mwenyewe, na hapo ndipo kosa linajitokeza, maana hakuna kasi ya kulificha.

Kosa lililokuwa linashughulikiwa ni hili, na nadhani nusu ya watu pale wanalo: makalio yanatangulia kupanda. Ukiwa chini unasukuma, kiuno kinaruka juu, kifua kinabaki nyuma, goti linanyooka mapema, na katikati ya safari unajikuta umeinama kama anayefagia uwanja. Kazi ya mapaja imehamia mgongoni. Sababu mara nyingi ni mbili zinazofuatana: uzito wa mwili umekimbilia vidoleni wakati wa kushuka, na hewa ya tumboni imeachiwa chini kabisa, yaani pale pale inapohitajika zaidi. Dawa ni uzito unaoweza kuutawala, mwendo wa polepole, kisha kupanda ukiusukuma mgongo wa juu dhidi ya mtaimbo ili kifua na kiuno viondoke pamoja. Kwa kilo 20 lilikuwa linatii. Kwa kilo 40 za yule bwana likarudi rudio la pili. Wiki mbili za kazi zikaenda na kicheko.

Hapo ndipo ilipotakiwa kuwa nyota moja. Lakini haki ni haki: asubuhi kuna mwalimu mwingine, mama mmoja mtulivu, na huyo peke yake ana thamani kuliko laki na ishirini.

Siku ya kwanza hakugusa chuma. Alianza na viatu: avue kila aliyevaa vile vya kukimbilia, kwa sababu soli ya sponji inabonyea upande mmoja na goti linafuata. Kisha ukutani. Dole gumba la mguu sentimita 10 kutoka ukutani, upana wa kiganja na dole gumba la mkono ukipenda, kisha gusisha goti ukuta bila kisigino kuinuka. Goti lisipofika, kifundo chako kimekaza, na kelele zote za "kifua juu" hazitakusaidia kitu. Unawekewa vipande vya ubao vya sentimita mbili chini ya visigino, shughuli inaendelea, na kifundo kinanyooshwa taratibu siku zinazofuata.

Kisha akampa kila mtu kile chuma chenye mshikio kama wa birika, kilo 12, kukumbatiwa kifuani viwiko vikitazama chini. Uzito ukiwa mbele unakuwa kama jiwe la mizani: unakuruhusu ukae nyuma bila kuanguka, na kiwiliwili kinasimama chenyewe. Viwiko vinaingia katikati ya magoti na kuyasukuma nje yafuate vidole. Kosa la magoti kugongana, ambalo jioni hupigiwa kelele wiki nzima, kwa wengi lilipungua siku hiyo hiyo. "Mwanangu, vuta pumzi kabla ya kushuka, siyo njiani," alikuwa akisema, huku ameweka vidole ubavuni mwa mtu asikie kama tumbo limejaa pande zote au ni kifua tu kimepanda. Mguuni anataka sehemu tatu zishike sakafu: chini ya dole gumba, chini ya kidole kidogo, na kisigino.

Kuna aliyemuuliza mbona sisi tunachuchumaa tangu utotoni, chooni, kwenye kufua, kwenye kupepeta mchele, halafu tunafundishwa upya? Akajibu kwamba kule mgongo unajikunja na hakuna anayedaiwa chochote, kwa sababu hakuna uzito juu yake. Weka mtaimbo mabegani, ule mkunjo wa chini, pale nyonga inapojipinda ndani kama mkia wa mbwa aliyefokewa, sasa unalipiwa na kiuno. Kwa hiyo kina chako kinaishia sentimita chache juu ya mkunjo huo, hata kama chooni unafika chini kabisa. Miguu ikipanuliwa kidogo na vidole vikitazama nje kiasi, wengi wanapata kina zaidi bila kujikunja. Mambo haya huyasikii jioni.

Jioni unasikia nini? "Goti lisipite kidole!" Kila baada ya dakika tano. Jambo hili lilipimwa Memphis, Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2003: wanaume saba wenye mazoezi walichuchumaa wakibeba uzito sawa na wa miili yao, mara goti likiwa huru, mara likiwa limezuiwa kwa ubao. Ubao ulipunguza mzigo wa goti kwa takriban asilimia 22, lakini mzigo wa nyonga ukapanda zaidi ya mara kumi, na mwili ukalazimika kuinama mbele zaidi. Mtu mwenye shida ya kuinama mbele, anaamrishwa azuie goti. Basi ainame zaidi! Halafu anaambiwa vichuma vyake ni vya mlango.

Nikubali kimoja, ingawa kinanikereketa. Yule bwana hakukosea kila kitu. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio la wiki kumi la kunyoosha goti kwenye mashine: mguu uliobeba asilimia 30 tu ya uwezo wake wa juu, seti tatu hadi kushindwa, ulijaza misuli karibu sawa na uliobeba asilimia 80 kwa seti tatu. Lakini walipopimwa uwezo wa kunyanyua mzigo mkubwa mara moja, wa asilimia 80 walikuwa mbele. Kwa hiyo uzito mdogo unajenga nyama na unafundisha njia, ila anayetaka kubeba kizito siku moja itabidi akibebe. Angenivuta pembeni akasema, "Dada, fomu imekaa, wiki ijayo tuongeze kidogo," ningemshukuru.

Kidogo. Na hapo tunafika kwenye upungufu ambao hauna mdomo lakini unaudhi vile vile: sahani ndogo kabisa mle ndani ni ya kilo 5. Mbili zinafanya 10. Yaani hatua ya kwanza baada ya mtaimbo mtupu ni kutoka 20 kwenda 30, nusu ya mzigo kwa mkupuo mmoja. Jimu inayouza kozi ya uzito mdogo haina sahani ya kilo moja na robo! Ni kama kufungua duka la rejareja usiwe na chenji. Anayekwenda pale anunue vile vifuko vya mchanga vya kufunga kifundoni, vya kilo moja moja, avizungushe kwenye ncha za mtaimbo na kukaza klipu kwa nje. Vinaonekana vibaya, ila unapata 22.

Nilimwandikia meneja. Jibu: "Kocha wetu ana uzoefu wa miaka mingi, alikuwa anakutia moyo." Nikashusha hadi nyota moja hapo hapo. Siku mbili baadaye nikairudisha ya pili kwa ajili ya yule mama, maana nyota za jimu ndizo atakazopimwa nazo naye.

Basi nibadilishe nilichosema mwanzo: ilipie kama una uwezo wa kwenda kabla ya saa nne asubuhi, kwa sharti la kukataa kabisa kuhamishiwa jioni. Ratiba ya yule mama ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ya kwanza chuma cha kilo 12, seti nne za marudio manane, kushuka sekunde tatu na kukaa mbili. Wiki ya pili mtaimbo mtupu, seti nne za sita, kushuka kwa nne. Ya tatu unashuka, unapanda nusu, unarudi chini, ndipo unapanda yote, na hilo ni rudio moja. Tano zinatosha, utaelewa. Seti inakatwa pale kiuno kinapotangulia, hata kama ni rudio la tatu. Simu ya kujirekodi inawekwa kwa ubavu, mita mbili, usawa wa nyonga, kwa sababu kioo cha mbele hakionyeshi kiuno kinachoruka na kinakufanya unyanyue shingo.

Asiye na asubuhi abaki nyumbani na dumu. La lita 10 likijaa ni kilo 10, la 20 ni 20. Lijae hadi mdomoni, maana maji yakicheza yatakuyumbisha, kisha likumbatie kifuani kama nilivyoeleza. Unga wa kilo 5 ndani ya begi lililovaliwa mbele nao unafaa kuanzia.

Kadi yangu ina siku tisa bado. Nitazimaliza asubuhi, na vifuko vyangu vya mchanga. Nyota ya tatu ninayo mfukoni, wataipata siku nikiona sahani za kilo moja na robo kwenye ile raki na pini zikiwa mahali pake.