TAHADHARI: Ziara ya Mombasa na lanchi ya baharini, ulizieni chombo kabla ya kutuma pesa

Wenzangu wa Nairobi, Nakuru, Eldoret na kwingineko mnaojipanga kushuka Mombasa likizo hii: kuna tangazo linazunguka Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, "ziara ya mji kwa kikundi kidogo pamoja na lanchi kwenye jahazi". Elfu nne na mia tano kwa kichwa. Picha yake ni jahazi lililotandikwa mazulia na mito, sinia la wali wa nazi, kamba wa kuchoma, samaki wa kupaka, na kuta za Fort Jesus kwa nyuma. Msitume pesa. Wanaoliuza hawana jahazi, na chakula hicho hakuna anayekipika.

Jina la kampuni siliandiki. Kwanza, wamelibadilisha, ukurasa ni uleule, picha ni zilezile, kichwa kipya. Pili, nikiwapa jina la leo, kesho mtalipa lenye jina jingine mkidhani mmesalimika. Afadhali mjue mchezo wenyewe unavyochezwa.

Waliopatikana ni shemeji yangu na wenzake wa kazini kutoka Nakuru, watu wanane. Mimi nakaa Kibokoni, hatua chache kutoka ngomeni, lakini hawakuniambia mapema kwa sababu walitaka kunishtukiza na mwaliko wa chakula cha jioni. Simu yao nimeipokea mchana, wakiwa kivukoni Likoni, jua la utosi, na hasira.

Mambo yalianza kwa mazungumzo ya WhatsApp ambayo nimeyasoma yote. Muuzaji ana adabu ya kupindukia. Karibu sana dada, shikamoo kwa mzee aliye pamoja nanyi, Mungu awalinde njiani. Anauliza mko wangapi. Anauliza mtashukia hoteli gani. Kisha anauliza mnarudi lini, na kama mna tiketi za treni ni za saa ngapi. Ukiona hivyo utadhani anataka kupanga muda vizuri msije mkachelewa stesheni ya Miritini. Kumbe hapo ndipo anapochuja. Anayekaa wiki nzima huambiwa nafasi zimejaa. Anayeondoka kesho yake ndiye anayetakiwa, na sababu yake mtaiona mbele.

Malipo: nusu siku ya kuweka nafasi, nusu asubuhi kabla gari halijaondoka. Yote kwa namba ya simu ya mtu, "Tuma Pesa" ya kawaida, si till wala paybill ya biashara. Shemeji aliona jina lililotokea kabla ya kuthibitisha, jina la mtu binafsi ambalo halifanani na chochote kwenye tangazo. Alipouliza, jibu likaja haraka: "Huyo ni mhasibu wetu." Mhasibu! Kampuni ya kuuza boti ya kuazima picha ina mhasibu.

Asubuhi ikaja Nissan ya abiria kumi na wanne, na ndani mna familia nyingine mbili, watoto wamepakatwa. Kikundi kidogo ndicho hicho. Zile pembe za ndovu za Barabara ya Moi wakazipigia picha dirishani. Ngomeni hawakuingia, kijana aliyejiita mwongozaji aliwasimamisha nje ya lango akawaambia kiingilio "kitashughulikiwa baadaye", kisha akawahadithia kwamba Fort Jesus ilijengwa na Vasco da Gama mwaka 1498. Jamani. Da Gama alipita hapa 1498 kweli, na Mombasa haikumpokea vizuri, lakini ngome ilianza kujengwa 1593, Wareno walipomtumia msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na da Gama alikuwa ameshakufa miaka karibu sabini. Mwongozaji yeyote anayeshinda pale langoni anaijua habari hiyo, na kuzingirwa kwa ngome na Waomani kuanzia 1696 hadi ikaanguka 1698, na kwamba baadaye ilikuwa jela mpaka 1958. Asiyejua hayo si mwenyeji wa kazi hiyo. Mimi hicho nakiona kipimo kizuri kuliko kitambulisho, maana kitambulisho chaweza kuchapishwa River Road.

Baada ya hapo wakapelekwa kwenye duka la vinyago na vikoi, wakakaa huko muda mrefu kuliko sehemu zote za mji kwa jumla. Mji wa Kale wenyewe waliuona kwa dirisha la gari. Ndia Kuu hawakuitembea, Msikiti wa Mandhry hawakuuona, kahawa ya dele hawakuinywa. Yaani ule upande wa ziara ambao ungegharimu viatu vyako tu, hata huo hawakupewa.

Saa sita na nusu ndipo mchezo wenyewe ulipofika. Mwongozaji akapokea simu, akasogea pembeni, akarudi na uso wa msiba: bahari imechafuka, maboti yote yamezuiwa kutoka. Akawapa hiari mbili. Ama waje kesho, bure kabisa, bila kuongeza hata shilingi. Ama wakubali "chombo mbadala" leo.

Sasa rudini kwenye lile swali la tiketi. Kesho treni inawangoja. Anajua. Ahadi ya kesho haimgharimu kitu, na ukiikataa wewe ndiye uliyekataa huduma, si yeye aliyeinyima. Meseji zake za baadaye zimeandikwa hivyohivyo: "Tuliwapa nafasi nyingine, mteja hakutaka."

Na hiyo bahari iliyochafuka? Mimi nilikuwa nyumbani. Maji ya Bandari ya Kale siku hiyo hayakuwa na shida yoyote, mitumbwi ya wavuvi inapita. Wageni wa bara, hili mlishike: majahazi ya lanchi hayaendi bahari kuu. Huzunguka ndani, kwenye mkono wa bahari kati ya kisiwa na Nyali na kuelekea Tudor, mahali pamekingwa na nchi kavu. Kusi ikivuma, tangu Aprili hivi mpaka Septemba, huko nje ya mwamba bahari inaweza kutisha na huku ndani watu wakala biriani bila kumwaga mchuzi. Zipo siku za mvua na upepo ambazo nahodha mwenye akili atakataa kutoka hata humu ndani, na akikataa mshukuruni. Lakini nahodha huyo atakurudishia pesa yako.

Wao wakachagua chombo mbadala. Gari likawapeleka moja kwa moja Likoni.

Ndiyo. Feri. Wakaambiwa washuke, wapange foleni na umati, wakavuka kwa miguu pamoja na watu wanaokwenda zao makazini, na yule kijana akawaonyesha kwa kidole meli zinazoingia Kilindini: "Hii ndiyo harbour yetu." Ng'ambo wakanunuliwa chipsi kwenye mifuko ya karatasi na soda za moto. Hiyo ndiyo lanchi. Wakiwa wanarudi, mmoja wao akamuuliza mama aliyekuwa amesimama karibu yake nauli ya kupanda ni kiasi gani. Mama akamwangalia kwa huruma: "Ya miguu ni bure, mwanangu. Hulipi kitu." Ni kweli, Likoni anayevuka kwa miguu halipi, wanaolipa ni wenye magari. Elfu thelathini na sita za watu wanane zimekwisha kwa kitu ambacho serikali inakitoa bure mchana na usiku.

Nilipofika kivukoni, mwongozaji alikuwa "ameenda msalani". Hadi naandika hajarudi. Gari nalo likawa na dereva asiyejua lolote. Aliajiriwa kwa siku hiyo tu, na yeye pia anadai.

Jioni nikamtafuta mwenye lile jahazi la kwenye picha. Vyombo vya huku havifichiki, ukitaja rangi ya ubavu na tanga lake mabaharia watakwambia ni cha nani. Mzee yule akacheka kicheko cha uchungu. Hamjui muuzaji, hajawahi kupokea senti yake. Picha ilipigwa na mgeni miaka iliyopita, na tangu hapo watu humjia na meseji za malipo mkononi wakidai wapandishwe. Wengine wamemtukana mbele ya wateja wake. Kwa hiyo wanaoibiwa si wageni peke yao. Kuna wenye vyombo wanaoharibiwa jina kwa biashara wasiyoifanya.

Ninavyoona mimi, tatizo lote limo katika kule kufunganisha. Ziara ya mji na boti zinauzwa kifurushi kimoja, bei moja, na mtu asiyemiliki hata moja. Ukishatembezwa mji nusu siku, ameshakuwa na la kujibu: huduma nimetoa. Ukilalamikia boti anasema lawama ni ya bahari. Kampuni za kweli zinazofunganisha zipo, sizikatai, lakini wewe unayelipa kwa simu kutoka mbali huna njia ya kuzitofautisha kwa picha. Basi zifungue. Lipia boti kwa wenye boti, na mji uutembee kivyake. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kiingilio chake unalipia mwenyewe palepale kwa mfumo wa serikali, na mwananchi hatozwi sawa na mgeni wa nje, kwa hiyo anayekutoza bei moja ya "watalii wote" anakupunja. Ukitoka ngomeni unaingia Ndia Kuu kwa miguu, unateremka hadi Bandari ya Kale. Hakuhitajiki gari.

Kwa upande wa boti, maswali yangu ni haya, na muulize kwa sauti, si kwa meseji. Chombo kinaitwaje? Kinaondokea gati gani au ngazi zipi? Nahodha ni nani, naweza kuongea naye? Kina kibali cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya cha kubeba watu wangapi? Mwenye chombo hujibu kabla hujamaliza kuuliza, kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku. Tapeli atakwambia "usijali, yote yamepangwa". Na sikiliza kama anataja maji. Nahodha wa mashua ndogo hupanga safari kwa kupwa na kujaa, atakuuliza siku gani ndipo akwambie saa ngapi, hasa siku za bamvu ambapo maji yakitoka yanatoka kwelikweli. Hoteli yenye gati refu inaweza kushika saa moja siku zote. Mtu wa kwenye ngazi za mawe anayekwambia "saa saba kamili kila siku ya mwaka" hajui bahari.

Na iwapo hicho "chombo mbadala" si feri bali ni kiboti cha injini kinachojaza watu bila jaketi za kujiokoa, msipande hata kama pesa imeshaliwa. Familia moja kati ya zile mbili zilizokuwa kwenye gari nasikia iliwahi kupewa hiari hiyo ikakataa. Walifanya la maana. Mji huu haujasahau Mtongwe, Aprili 1994, feri iliyojaza kupita kiasi ilipopinduka na watu 272 wakafa. Kilikuwa kivuko kifupi tu, ng'ambo unaiona.

Kuhusu kurudisha pesa, msitegemee sana. Kutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kunasaidia ukiwa umekosea namba na pesa haijatolewa. Hapa mpokeaji huitoa papo hapo, na isitoshe hukukosea namba. Lakini namba za matapeli zipelekeni 333 ya Safaricom. Kampuni za utalii na waongozaji wanatakiwa wawe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa hiyo malalamiko yapelekwe huko, na kabla ya kulipa mnaweza kuwauliza wenyewe kama jina hilo wanalo. Polisi pia nendeni mkapate namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, hata kama mna haraka ya treni. Shemeji alitaka kuacha, "nimeshatoa sadaka", tukamvuta.

Msifute meseji. Muuzaji huyu hufuta zake upande wake mara tu ukianza kulalamika, kwa hiyo pigeni picha za skrini mapema: tangazo, bei, jina lililotokea M-Pesa, lile swali la tiketi.

Afisa aliyetuandikia ripoti ametuomba tuwatafute wengine waliotuma kwa namba hiyohiyo. Kama mwaka huu ulilipia lanchi ya jahazi Mombasa ukaishia Likoni na chipsi, niandikie kwa faragha nikupe namba ya OB uiongezee ripoti yako. Hapa chini msiweke namba za simu za mtu yeyote, wala yangu, wala ya yule mzee mwenye jahazi. Ameshasumbuliwa vya kutosha.