Kambi ya Mlima Elgon msimu wa mvua: hema bovu, mwongozaji wa kupigiwa mfano

Tulikwenda Elgon mwezi wa Aprili, mimi na wenzangu wa kazini kutoka Kisumu, kwa kampuni ndogo ya utalii ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunavutana kuhusu pesa. Bei yao ilijumuisha gari, mahema, chakula, mpishi na mwongoza watalii. Kiingilio cha hifadhi kila mtu alijilipia kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Lipeni mkiwa bado Kitale, maana mkishapita Endebess mtandao ni wa kubahatisha.

Nianze na lililoniudhi: mahema. Mvua ya Aprili mlimani si habari mpya kwa anayefanya biashara hii, lakini tulipewa vitu vya kulalia ufukweni. Mishono ya paa ilikuwa imeachia, na sakafu imechakaa hivi kwamba ukikanyaga unasikia maji yakikimbia chini. Usiku ikashuka mvua ya mawe, na kabla ya saa sita begi langu la kulalia lilikuwa la kukamua. Aliyetuokoa ni mpishi. Alitoka na jembe, gunia la plastiki kichwani, akachimba mfereji kuzunguka kila hema, kisha akafungua turubai la jikoni na kulifunga juu ya hema lililovuja zaidi. Yeye akapikia mvuani. Asubuhi uji wa wimbi ulikuwa tayari, moto.

Mwongozaji wetu, Msabaot aliyezaliwa huko huko, ndiye atakayenirudisha. Ukitaka kuketi garini na kuhesabu wanyama, nenda Ziwa Nakuru, utaona faru kabla ya chakula cha mchana. Elgon mnatembea kwa miguu na renja mwenye bunduki, na mnyama humwoni mpaka ufundishwe pa kutazama. Alituonyesha mbega waliojikunyata juu ya mti wa mpodo, mikia yao myeupe ikichuruzika maji. Karibu na pango la Kitum akasimama ghafla, akainamia alama ya mguu wa tembo. Mashimo yote njiani yalikuwa yamejaa maji, hilo lilikuwa tupu.

“Mama, huyu ametoka sasa hivi. Tungoje kidogo.”

Tukangoja, tukatetemeka, tembo hakurudi. Sijutii. Tembo wa mlima huu huingia mapangoni usiku, gizani kabisa, kukwangua kwa pembe mwamba wenye chumvi, na mikwaruzo yao imejaa ukutani, mingine juu kuliko nilivyoweza kufikia kwa mkono. Kitum inazama mlimani takriban mita 200, lakini mwongozaji hakuturuhusu kwenda mbali na mdomo wa pango. Alikuwa amebeba barakoa na glavu za kila mtu, na akaeleza sababu bila kutisha mtu: wagonjwa wawili wa Marburg, homa ya virusi inayoua, wa 1980 na wa 1987, walikuwa wametembelea pango hili, na popo wa matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Hilo silo jambo la kuachia wageni wajisomee wenyewe.

Kilele cha Koitobos, mita 4,222, tulikikosa. Radi zilianza tukiwa njiani, mwongozaji akasema tunageuza. Mwenzetu mmoja alinuna hadi jioni kwa vile alikuwa amelipia kilele. Mimi naona pale ndipo tulipopata thamani ya pesa zetu.

Niliandikia ofisi nikitaka turudishiwe pesa za mahema. Wakajibu kwamba mvua ni ya Mungu. Sawa, lakini mahema ni yao. Ukienda nao, beba hema lako, udai upunguziwe bei kabla ya kutuma pesa, na uulize kama mpishi ni yule yule. Nyota tatu, zote za wale wawili.