Makro za Excel kwa kazi ya duka: uzoefu wangu na shida ya tarehe

Natumia makro za Excel (amri unazoandika mara moja, Excel inazifanya yenyewe) mwaka wa tatu sasa kwa duka la spea Kirinyaga Road, Nairobi, na kwa kufuatilia madeni sijaona kitu kimenisaidia hivi, asubuhi nabonyeza mara moja mauzo ya jana yanaingia yote na wenye deni la zaidi ya siku 30 wanajitokeza. Lakini tarehe zilinitoa jasho.

Sisi huku tunaanza na siku. VBA, lugha ya kuandikia makro, ikifungua CSV (faili la maandishi lenye data iliyotenganishwa kwa koma) inasoma Kimarekani, mwezi kwanza, hata kama Windows umeiseti kikwetu, na ukifungua faili hiyo hiyo kwa mkono iko sawa kabisa! Ndio maana nilikaa wiki nzima natafuta kosa mahali halipo. Mzee mmoja mwenye matatu alichukua pedi za breki 4/6/2024, makro ikasoma 6 Aprili, katikati ya Juni akapata meseji ati deni limepitisha muda. Akaja na risiti, hakupiga kelele, aliiweka tu kwa kaunta akaniuliza, "Kijana, nimewahi kukosa kukulipa?" Iliniuma sana.

Kilichonifungua macho ni kugeuza ile seli iwe namba ya kawaida, maana ndani ya Excel tarehe ni hesabu ya siku tu, 1 Januari 1900 ndio namba 1. Ilitakiwa iwe 45447, yaani 4 Juni, nikakuta 45388, yaani 6 Aprili. Zile za 13/6 na kuendelea, kwa vile hakuna mwezi wa 13, zilikuwa zimebaki maandishi, zimeegemea kushoto, hazihesabiwi popote.

Nikaongeza Local:=True (soma kwa seti za kompyuta hii) kwa Workbooks.Open, amri ya kufungua faili, kwangu ikakubali. Kwa laptopu ya dada wa kaunta, ya sekondihandi yenye seti za Marekani, ikarudi kule kule, kwa sababu Local inafuata seti za kompyuta. Sasa faili naipa jina la .txt kwanza, maana ikibaki .csv, OpenText (amri ya kufungua faili za maandishi) inapuuza maagizo ya kila safu isomwe vipi; hivyo tarehe inaingia kama maandishi, naikata vipande kwa Split halafu naipa DateSerial, inayounda tarehe, mwaka, mwezi, siku. Hapo hakuna kubahatisha. CDate, inayogeuza maandishi kuwa tarehe, nimeacha kabisa, namba ya mwezi ikizidi 12 inageuza siku na mwezi yenyewe kimya kimya.

Makro za Excel nazipa nyota nne. Kama una wateja wa deni, kagua leo tarehe zote za 1 mpaka 12 kwa ripoti yako, maana hizo ndizo siku na mwezi vinaweza kubadilishana, kabla hujatumia mtu meseji.